Ukuta na Miwani Mipya

Shemeji yangu, fundi wa vigae, hakuwahi kutazama ukuta kichwa kikiwa wima. Alikilaza begani, akafinya jicho moja, akapitisha kidole gumba kati ya kigae na kigae kama anayepapasa mshono, kisha akasema, "Hapa sawa." Na ilikuwa sawa, miaka yote. Sisi tulimtania kwamba shingo yake iliota kombo. Ni mimi niliyemsumbua mpaka akaenda kupimwa macho. "Macho yatazoea," daktari alimwambia alipompa miwani. "Yape wiki mbili." Hakuyapa hata siku mbili. Kesho yake alirudi jikoni kwangu, kichwa kimesimama kama cha askari, akautazama ukuta alioumaliza juzi. "Mbona umekwenda upande!" Nikachukua pima maji yake, nikaiegemeza ukutani, na kiputo cha hewa ndani yake kikatulia katikati kabisa: ukuta ulikuwa sawa. Nikairudisha kwenye mfuko wake wa vifaa. Nani amfundishe fundi kazi yake? Akabandua vigae vyote, akavipanga upya kwa macho yake mapya, huku akipiga mluzi.

Wiki mbili zilipotimia alipita kunisalimia, akasimama mlangoni na kikombe cha chai. "Shemeji, nani kaupindisha ukuta huu?" Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Akavua miwani, akakilaza kichwa begani kama zamani, akausubiri ukuta unyooke. Haukunyooka.

"Shemeji," alisema polepole bila kugeuka, "pima maji si ulikuwa umeishika wewe?"