Kijiko Changu Katika Sufuria ya Driciru

Nilisoma hadi darasa la tano, kwa hiyo sijui vitabu vinasema nini kuhusu kuongoza watu. Mimi niliongoza kwa kuchungulia.

Nina hoteli ndogo ya chakula sokoni Koboko, huku Uganda, na mpishi mmoja, Driciru, mwanamke wa kule Aroi ambaye bamia zake huwavuta watu kutoka Dranya. Kwa miaka sita, kila adhuhuri niliingia jikoni na kijiko, nikaonja, nikakunja uso, nikaongeza chumvi. Wateja waliniona. Nilidhani hiyo ndiyo kazi ya bosi.

Mwezi wa tatu nikasikia kwamba hoteli mpya ya mjini Arua inamtaka Driciru. Nikampandishia mshahara kabla hajaomba, nikamnunulia na kitenge juu yake. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na Jumatatu akaniaga.

"Kwani pesa iko kidogo?" nikamuuliza.

"Sasa iko sawa, Mama Shakirah. Zamani ilikuwa kidogo, mimi nikanyamaza."

"Basi ni nini?"

Aliendelea kukata bamia. "Chumvi. Mimi natia nusu, maana najua wewe lazima utaongeza. Siku ile ulienda matanga kule Lurujo, watu walikula bila chumvi, wakasema Driciru hajui kupika. Miaka sita mimi napikia kijiko yako."

Binti yangu Shakirah, aliyekuwa akiosha sahani, alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mama, sisi wote tulikuwa tunajua."

Wote walijua, isipokuwa mimi, ninayejisifu kwamba kuku hapiti uani bila mimi kumwona.

Nilimwomba abaki. Akasema atangoja mwisho wa mwezi, aone. Kesho yake nilikaa mlangoni, mikono nimeikalia kama mtoto aliyekatazwa sukari. Mzee Taban, fundi wa baiskeli, alionja bamia, akachota tena harakaharaka.

"Leo nani amepika?"

"Driciru," nikasema, kwa sauti ya kufika jikoni. "Na miaka yote ni yeye. Mimi nilikuwa naharibu tu."

Mwezi ukaisha. Sikuthubutu kumuuliza. Nilijifanya nafuta meza moja ambayo tayari nilikuwa nimeifuta mara tatu, hadi aliposimama mbele yangu.

"Mama Shakirah, sufuria kubwa imetoboka. Tutafute ingine kabla ya Ramadhani."

Nikaenda mbio kununua, mimi bosi, hata viatu sikuvaa.