Baba wa Bibi Harusi Akatwe

Wiki iliyopita nilikwenda kuazima mkanda wa video Chang'ombe, kwenye duka ambalo mwenyewe pia hurekodi harusi. Nilimkuta mama mmoja ameegemea kaunta, anatazama picha ya gazeti iliyobandikwa ukutani.

"Huyu ni sterling wa sinema?" aliuliza.

"Hapana, mama," mwenye duka alimjibu. "Huyu ndiye anayekata na kuunga picha za Kihindi. Alianza kwa kufagia chumba cha kukatia, akawa msaidizi, akaendelea hivyo hivyo mpaka wakampa tuzo. Mimi najifunza kwa kuangalia kazi zake."

"Vizuri. Basi na wewe nikatie baba wa bibi harusi kwenye mkanda wangu wa harusi. Alituacha binti akiwa mchanga, leo amekuja kwenye pilau."

Mwenye duka hakubisha. Aliweka mkanda, akausogeza hadi pale bibi harusi anapoaga. Baba amemshika mkono, na binti analia huku anatabasamu.

"Nikimtoa, mama, binti ataonekana analia peke yake."

Mama alisogea karibu na televisheni. Alimtazama binti yake kwa muda, akafuta kioo kwa ncha ya khanga ingawa hakikuwa na vumbi.

"Hapo mwache," alisema. "Lakini kwenye kula, mtoe."

Nimehudhuria vikao vingi vya kusuluhisha wanandoa, vyenye wazee na chai. Sijasikia hukumu ya haki kuliko hiyo.