Koti la Ogutu Ukutani

Nanyama alipangusa vumbi kwenye fremu za jumba la sanaa, katikati ya mji, miaka kadhaa kabla mtu yeyote hajamuuliza anazionaje picha zenyewe. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kufaulu vizuri, lakini hapo hakuna aliyejali. Kisha, mwaka wa tisini na moja, wafadhili wakalalamika kwamba wageni wa jumba lile wote wanatoka mitaa ya matajiri, Spring Valley na Lavington. Walitaka kuwaona wananchi wa kawaida ndani. Nanyama akawa lulu ghafla, kwa sababu alikuwa mwananchi wa kawaida ambaye tayari yumo ndani.

Ndivyo alivyoingizwa pamoja nasi vijana wengine kwenye mafunzo ya wasimamizi wa maonyesho. Mwalimu alikuwa mkurugenzi mwenyewe, Haron Mungai, aliyesomea ng'ambo na kurudi na neno moja, "jamii", alilolitamka kwa uangalifu kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Alitufundisha namna ya kumkaribisha fundi wa viatu, namna ya kutikisa kichwa fundi huyo anapozungumza, hata namna ya kuinama kidogo ili asijione mdogo. Mwenzetu Jaswinder, binti wa seremala wa Kisikh, aliniegemea akanong'ona, "Huyu anatufundisha kuongea na watu ama na ng'ombe?"

Zoezi la mwisho lilikuwa kila mmoja wetu amlete mtu wa mtaani kwake, amtembeze, ayasikilize maoni yake. Mmoja wetu angeajiriwa kuwa msimamizi msaidizi. Sote tulijua kazi hiyo ni ya Nanyama.

Nanyama alimleta Peres, jirani yake wa Woodley, mjane wa Kijaluo aliyekuwa akishona sare za shule kwenye veranda. Peres alizipita picha za twiga bila neno. Mbele ya picha kubwa, nyeusi na nyeupe, akasimama. Ilikuwa ya mwanamke aliyevaa koti la kiume, mikono juu, mdomo wazi, vumbi limetimka miguuni. Chini, kwenye fremu yake, palikuwa na kibandiko: "Shangwe".

"Huyu ni mimi," alisema Peres.

Mungai alitabasamu, akidhani ni mzaha.

"Hiyo koti ni ya Ogutu, bwanangu. Hapo yeye yuko kwa jeneza, nyuma ya huyo mzungu alikuwa anapiga picha. Kwetu mjane anavaa nguo ya bwana yake, analia hata na miguu." Alikigusa kibandiko kwa kidole. "Mashemeji walisema mimi ndio nilimmaliza, ati nilifurahi. Wanatafuta tu kitu ya kunitoa kwa shamba. Na Zadock, ndugu yake, anafanya kazi hapa mjini. Akiona hii neno ataipeleka nyumbani. Mnitoe hapo."

Mungai alikuwa ameshika kidevu, macho yanang'aa. "Mama, hii ni zawadi kubwa umetupatia. Ijumaa wafadhili watakuja, na watu wa magazeti. Utasimama kando ya picha uwaambie hayo yote. Kibandiko tutabadilisha."

"Sijasema mbadilishe karatasi. Nimesema itoke."

"Tutaongea, mama."

Hakuongea naye tena. Alimwita Nanyama kwenye ngazi, nasi tukasikia. "Jamii ikikataa, maana yake hujamaliza kazi. Mlete Ijumaa na ofisi ya msimamizi msaidizi ni yako. Asipokuja, nitajua mafunzo hayakukuingia."

Huko ndiko walikokuita kushirikisha wananchi. Mnyonge anaulizwa ili akubali. Akikataa, anaulizwa tena, kwa sauti ya upole zaidi, mpaka achoke. Mkoloni angalau hakutuomba maoni kabla ya kutupiga picha.

Nanyama aliitaka ile ofisi. Mamake alikuwa amezeeka akifua nguo za watu Lavington, akiingilia kigeti cha nyuma. Kwa hiyo jioni ile alikwenda kwenye veranda ya Peres, akaketi, akainama kidogo kama alivyofundishwa.

"Mama, ukiwaeleza ukweli wa hiyo picha, hata mashemeji wataelewa."

Peres hakuusimamisha mguu wake kwenye cherehani. "Ulinipeleka nijione nikicheza kwa matanga ya bwanangu. Sasa unataka nikuje nicheze tena."

"Si hivyo, mama."

"Nikikuja, watakupatia kazi?"

Nanyama aliokota kipande cha uzi sakafuni.

"Watakupatia. Basi sema hivyo. Na ukae vizuri, unainama nini kama mtu tumbo inamuuma?"

Ijumaa Peres hakuja. Wageni walikuja na glasi zao mkononi, na Mungai akamsukuma Nanyama mbele awatembeze. Alipofika kwenye ile picha aligeuka akawatazama.

"Mwenye sura hii ni jirani yangu," alisema. "Hapa anamlilia mumewe. Tulimwonyesha picha, akatuambia tuitoe. Hajabadilisha neno."

Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mungai naye akapiga, meno nje, macho yakimchoma Nanyama. Makofi yakiendelea, Nanyama aliitungua picha kutoka kwenye msumari, akaibana kwapani, kioo kikielekea mbavuni, akateremka ngazi. Mpiga picha wa gazeti aliambulia mbao za nyuma.

"Rudisha hiyo kitu ama usirudi," Mungai alimwambia mlangoni, kwa sauti ya chini wageni wasisikie.

Hakurudi. Polisi hawakuitwa, maana wafadhili walilisifu sana tukio lile, wakampongeza Mungai kwa ujasiri wake. Ofisi alipewa mpwa wa Mungai.

Jioni ya Ijumaa ileile Nanyama aliifikisha picha verandani. Peres aliipokea, akabandua kibandiko kwa kucha, akaisimamisha ikitazama ukuta.

"Na ile negativu ya kuoshea picha?" aliuliza.

"Iko na yule mzungu. Ng'ambo."

"Si ataosha ingine."

"Lakini ya leo haitatoka kwa gazeti, mama."

"Ya leo," alisema Peres, akakanyaga cherehani.