Mwasho Usio na Upele

Mwezi uliopita, katika duka la dawa pale Darajani, bibi mmoja aliweka juu ya kaunta tyubu nne tupu za dawa ya kupaka. Miezi mitatu anajikuna mwili mzima, na upele hana.

Muuzaji, macho kwenye simu, akampa ya tano. "Hii kali zaidi, Bi."

Foleni nzima ikageuka mabingwa. Mmoja alisema ni sabuni, mwengine akasema pweza, wa tatu akanong'ona kuwa ni kijicho. Mimi nikapendekeza mafuta ya nazi, nisije nikaonekana sikusoma.

Msichana mmoja aliyejitambulisha kuwa ni muuguzi akasogea. "Shikamoo, bibi. Hebu tazama juu." Akamvuta ukope kwa kidole. Jicho lilikuwa manjano. "Hii si ya kupaka. Nenda hospitali leo, wakakupime ini."

Juzi nimemkuta bibi ananunua ndizi, mikono imetulia. Jiwe lilikuwa limeziba njia ya nyongo. Limetolewa, na mwasho umekwisha.

Nikamuuliza kwa nini hakwenda hospitali mapema.

"Mwanangu, hospitali mpaka wakupime ndiyo wajue," alisema. "Nyinyi mnajua bila ya kupima."