Memori ya Kompyuta ya Sebuleni

Mimi nikikasirika siambiliki, na watu wa nyumba yangu hapa mtaa wa Majimbo, Embu, wanajua. Kompyuta ya sebuleni, kuukuu niliyonunua kwa ofisi iliyokuwa ikifungwa, ilipoanza kukwama, nilijua papo hapo wa kulaumiwa: binti yangu. Alikuwa akisomea diploma kwa mtandao, na kazi zote za chuo alizifanyia pale, maana simu yake ni kabambe, ile ndogo ya kubonyeza isiyoingia mtandaoni. Nikamwambia ameijaza sinema hadi memori imeisha. Akasema hana hata moja, ni mashine inachemka. Nikamwambia asinifanye mjinga. Nikachomoa waya, nikaapa hataigusa tena hadi niongeze memori. Kesho yake akaenda Mitunguu kwa dada yangu, kusaidia kukata ndizi. Wacha aende, nikasema.

Wiki tatu baadaye nikamwita fundi aje na memori. Hata begi hakufungua. Aliuliza kwanza kama kompyuta huwashwa ikiwa imevalishwa hivyo. Swali gani hilo? Kitambaa nilikifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, kikafunika mashine mpaka mezani, sawa na vya makochi na cha televisheni. Nyumba ni heshima, jamani, na vumbi la Embu si mchezo. Tukitaka kuwasha, tunainua upande wa mbele tu.

Akakitoa, akafungua ubavu wa mashine, akapuliza vumbi, akaiwasha ikiwa wazi. Tulikaa nayo saa nzima bila kukwama. Akanionyesha kwenye kioo kwamba memori iliyotumika haikufika nusu. Ikizidiwa na joto, akaeleza, hujipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Na sinema je? Akatafuta kila mahali. Video zote zilizokuwamo ni za kwaya yangu.

"Mama, nikikuuzia memori nitakuwa nimekuibia," akasema.

Haki ya Mungu! Mtoto aliniambia inachemka. Aliniambia kwa mdomo wake, nami nikamwona mwongo.

Nikampigia simu hata kabla fundi hajaondoka. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, kompyuta iko sawa, arudi leo hii amalizie kazi zake.

"Muhula ulifungwa Ijumaa, mama," akasema. "Kazi zangu hazikufika, nikatolewa kwenye kozi."

Kisha akaniuliza kama nimekula.