Ua la Minza

Zamani zetu kule Mwamapalala, binti akiolewa akiwa na kitanda kisicho na ua la kuchongwa kichwani, wakwe walisema wameletewa machela. Vijana wa leo wananunua kitanda sokoni Somanda, ua limebandikwa kwa gundi, wanapiga nalo picha. Joto likizidi, ua linahamia uvunguni.

Dada yangu Minza alikuwa anaolewa Zagayu. Kaka yetu mkubwa, Masanja, aliyejiita fundi kwa sababu ana patasi, akachagua ubao wa mgunga kwa kuwa eti ni mwekundu. Nyuzi zake zilijisokota kama utumbo. Sisi wadogo tuliukalia ubao usicheze, naye akawa anagonga. Kila petali iliruka vipande, kuku wakavikimbilia wakidhani mahindi.

"Masanja, unachonga au unapalilia?" mama akauliza.

"Ubao ni mbovu, mayo," Masanja akamjibu mama.

"Mbovu ni wewe."

Minza hakucheka. Wakwe walikuwa wanakuja Jumapili kuona vyombo, na mdomo wa mama mkwe wake ulifika Bariadi kabla ya basi. Akaokota ubao wa mninga kutoka mlango wa zizi uliovunjika, akaupapasa kama ndama: huku laini, huku unakwaruza.

"Ndama ukimpapasa kinyume anakupiga teke," akasema. "Huu nao una manyoya yake."

Akachonga kufuata manyoya. Petali ilipopinda, alihamia upande wa pili wa ubao na kuanza kutokea huko. Ua la pamba likachanua, limejaa. Masanja akaona aibu, akaomba amalizie petali ya mwisho tu. Ncha ikaruka, ubao ukapigiliwa kichwani mwa kitanda hivyo hivyo.

Jumapili mama mkwe akainama juu ya kitanda. "Ua zuri. Ila hapa naona limeliwa na funza."

"Funza mwenyewe ni kaka yangu, mayo," Minza akajibu.

Mama mkwe akacheka mpaka akakaa kitandani, na aliyekwisha kukaa hawezi tena kukisema.

Mwaka jana, katika kuzurura kwangu, nilimpitia Minza. Wanawe wamemnunulia kitanda chenye kichwa cha sofa, kinene kama godoro. Ubao wake sasa ni mlango wa banda la mbuzi. Ulitoka zizini, umerudi zizini.

Jioni akaenda kufunga banda. Kiganja chake kikateremka juu ya ua, kufuata manyoya, mpaka kwenye ile petali iliyovunjika. Kikatulia hapo kidogo, mbuzi wakimsubiri.