Masega ya Gari la Anti Birago

Afia Birago alianza kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na sita, na mwalimu wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, mkono wa kushoto umelala pajani.

Mwalimu huyo alikuwa mumewe, Kwabena Donkor. Kwa miaka kumi na minane Donkor alibeba watoto wa shule hapa kwetu Tafo, mjini Kumasi, kwa basi lake dogo la rangi ya maziwa. Asubuhi moja kiharusi kikamwangusha akiwa anapiga mswaki. Alipotoka hospitali alikuwa anauburuta mguu na mkono haumtii tena. Basi likalala uani wiki sita, kuku wakawa wanataga chini yake, na wazazi wakaanza kuulizia dereva mwingine.

"Nadhani tuliuze," Donkor akamwambia mkewe.

"Tuuze nini? Nifundishe."

Donkor akamshikisha sahani ya plastiki iwe usukani, akamkalisha kwenye benchi mbele yake, akaanza kumpigia kelele. "Klachi! Nimesema klachi, Birago, hiyo ni breki! Haya, umeshamuua mbuzi wa watu." Mimi naishi nyumba ya tatu kutoka kwao, na nakiri kwamba tulikuwa tunatoka makusudi kwenda kuwacheka. Lakini miezi minne baadaye mama huyo alipata leseni, na muhula ulipofunguliwa watoto wote kumi na wanne walikuwa ndani ya basi, wamefunga mikanda, wanaimba jedwali la kuzidisha kwa saba.

Watoto walimwita Anti. Alikuwa na sheria zake. Hakuna kusimama gari likitembea, hakuna kula kiazi cha kukaanga juu ya viti, na anayemtukana mwenzake anashuka wa mwisho. Akaendesha hivyo miaka sita bila kumkwaruza hata mbwa.

Mambo yaliharibika msimu ule wa upepo wa jangwani, ule unaokuja na vumbi mpaka jua linaonekana kama sarafu iliyochakaa. Basi lilianza kuchoka. Kwenye kilima cha kwenda shuleni lilikuwa linatetemeka, linakohoa, watembea kwa miguu wanalipita. Birago akalipeleka Suame, kule kwenye magereji yaliyobanana, kwa fundi mmoja anayeitwa Opoku Antwi, bingwa wa mabomba ya moshi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na watu walimwita Daktari wa Pua.

Antwi akaingia chini ya gari, akagonga gonga, akatoka anajifuta mikono. "Mama, gari lako lina mafua. Pua imeziba. Niachie mpaka saa tisa."

Saa tisa Birago alilikuta linanguruma kama pikipiki ya mashindano. Alipolijaribu kwenye kilima likaruka. Akafurahi, akamshukuru, akaondoka. Hakuuliza limefanywa nini, na Antwi hakusema.

Wa kwanza kugutuka alikuwa Donkor. Alisikia gari lingali njia panda, akainuka kwa fimbo yake mpaka getini.

"Nani ameliumiza gari?"

"Limepona. Linapanda kilima kama mbuzi."

"Hiyo siyo sauti ya gari lililopona. Na harufu hii je? Petroli mbichi hii."

"Wewe nawe! Kila kitu unakitilia shaka."

Siku ya tatu taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, ya rangi ya chungwa. Antwi alipopigiwa simu akacheka. "Hiyo taa ni ya kutisha wageni tu. Bandika karatasi juu yake." Mafuta yaliyokuwa yanamfikisha Ijumaa sasa yakawa yanaisha Alhamisi asubuhi. Muuza waakye, yaani wali wa kunde, pale kituoni, ambaye Birago alizoea kusimama mbele ya meza yake, akamwomba asogee mbele. "Anti, ukiwasha tu hilo gari lako, wateja wangu wanalia kabla sijawapa pilipili."

Kwa sababu ya vumbi, madirisha yote yalikuwa yamefungwa kutwa. Watoto wa nyuma wakaanza kulalamika vichwa vinauma. Mmoja akatapika. Birago akadhani ni malaria, au wamekula maembe mabichi. Kisha nyimbo zikapungua. Alifurahi mwanzoni kwamba siku hizi watoto wametulia, na baadaye alijilaumu sana kwa furaha hiyo.

Ilikuwa Jumatano mchana, wanarudi nyumbani. Walipofika kwa kina Nhyira, mtoto wa miaka saba anayekaa siti ya nyuma kabisa, Birago akaita jina lake. Kimya. Akaita tena. Wenzake wakamtikisa, kichwa kikaanguka upande.

Birago alimbeba mwenyewe. Alikimbia naye mpaka zahanati iliyo mtaa wa pili, kiatu kimoja kimebaki barabarani, na watoto wengine kumi na watatu wanamfuata nyuma kama vifaranga, kwa sababu hakuna aliyewaambia wabaki. Muuguzi mmoja mrefu, Dufie, akamvisha Nhyira barakoa ya hewa ya oksijeni. Akamkagua, akamuuliza Birago maswali. Alikula nini? Ameanguka? Kisha akawatazama wale watoto wengine waliojipanga ukutani, macho mekundu wote.

"Wewe unaumwa kichwa?" akamuuliza mmoja.

"Ndiyo, nesi."

"Na wewe?"

"Kila siku. Nikishuka kinapona."

Dufie akamgeukia Birago. "Anti, bomba la moshi la gari lako likoje?"

Nhyira alifumbua macho baada ya muda ambao Birago mpaka leo anasema ulikuwa kama mwaka. Akaomba maji, akauliza begi lake liko wapi. Mama yake alikuwa amefika. Birago akapiga magoti mbele yake, pale pale kwenye sakafu ya zahanati.

"Nisamehe. Gari ni langu. Sikujua, lakini ni langu."

Mama yule alimpita pale chini. Alimchukua mtoto wake akaondoka.

Kesho yake Birago hakulitoa basi. Alimwita kijana wa kike wa mtaani kwetu anayefundisha umakanika katika chuo cha ufundi, Konadu. Konadu akalala chini ya gari na tochi kwa dakika kumi. Alipotoka alikuwa amekunja uso.

"Anti, masega yako yako wapi?"

"Masega gani? Mimi nafuga nyuki?"

Konadu akamweleza kwa kuchora kwenye vumbi la kioo. Kwenye bomba la moshi kuna kopo, na ndani ya kopo kuna kitu chenye vitundu vidogo vidogo kama masega ya nyuki. Moshi ukipita humo, sumu iliyomo inaungua, inapungua sana kabla haijatoka nje. Fundi alikuwa amelikata kopo zima na kuchomelea kipande cha bomba tupu. Kazi yenyewe aliifanya haraka, kwa hiyo mahali alipochomelea pamepasuka, chini ya siti ya nyuma, na sakafu hapo ina kutu. Moshi mbichi ulikuwa unaingia ndani moja kwa moja.

"Na ugonjwa wenyewe hakuutibu," akaongeza. "Plagi mbili za kuwashia mafuta ndani ya injini zimekufa. Ndizo zilizokuwa zinamwaga petroli isiyoungua, ikayaziba masega."

"Sasa masega yangu ameyapeleka wapi?"

"Ameyauza. Yana madini ya thamani ndani. Wanunuzi wanapita Suame kila wiki."

Birago alivaa kitambaa chake cheusi na chekundu, kile cha msibani, akaliendesha basi mpaka Suame, madirisha wazi. Antwi alimwona akakunjua mikono. "Mama yangu! Nani amefariki?"

"Bado. Masega yangu yako wapi?"

Mafundi wa jirani wakaacha kugonga. Antwi akacheka kidogo. "Aa, lile kopo? Mama, lile ni la nchi za baridi. Huku kwetu kwa joto linaziba gari bure. Nimetoa mia mbili, hakuna aliyekuja na nguo za msiba."

"Wenye hizo mia mbili wanakaa mbele, karibu na dirisha. Mimi nina watoto nyuma."

"Moshi ni moshi tu. Babu zetu wamepikia kuni."

Birago alimtazama. Alikuwa amepanga matusi njia nzima, lakini sasa akaona yatapotea bure mbele ya mtu anayeamini anachosema.

"Haya. Panda gari langu. Kaa siti ya nyuma, ile ya mtoto wangu. Twende mpaka shuleni na kurudi, madirisha yamefungwa kwa vumbi, kama kawaida. Ukishuka unacheka, nitakuomba radhi mbele ya hawa wote."

"Panda, Daktari!" mafundi wakapiga kelele. "Au unaogopa mgonjwa wako?"

Akapanda. Mwanzoni alikuwa anasimulia hadithi, anaimba, anamtania Birago jinsi anavyoshika usukani. Wakakutana na foleni. Birago akamtazama kwenye kioo. Hadithi zilikuwa zimeisha. Baada ya nusu saa Antwi akasema kwa sauti nyingine, "Mama, fungua dirisha kidogo."

"Vumbi, fundi. Watoto wangu hawafungui."

Hakumaliza dakika tano nyingine. Birago aliona uso wake umelowa jasho, akasimamisha gari pembeni na kufungua milango yote mwenyewe. Antwi alishuka kwa mikono na magoti, akatapika kando ya mtaro, akabaki ameketi juu ya tofali. Birago akamletea maji.

"Nilitaka uonje tu," akamwambia. "Sikutaka kukuzika."

Antwi alikunywa, ameshika kichwa. Kisha akauliza, "Huyo mtoto. Alikaa pale kila siku?"

"Wiki tatu."

"Ana miaka mingapi?"

"Saba."

Walirudi Suame madirisha wazi, wamejaa vumbi wote wawili kama watu waliotoka kwenye kiwanda cha unga. Wenzake walipomuuliza, akaenda zake gerejini, na Birago naye hakumwaibisha.

Siku nne baadaye Antwi alikuja Tafo mwenyewe, amebeba kopo lililofungwa kwenye gunia. Alikuwa amezunguka kwenye magari yaliyopata ajali mpaka akapata basi la aina ile ile, masega yake mazima. Konadu alikuja kusimamia, naye Antwi, mtu wa miaka hamsini na tano, akakubali kuelekezwa na binti wa miaka ishirini na saba. Wakabadilisha plagi kwanza. Wakakata bomba tupu, wakafunga kopo kwa gasketi mpya, wakaziba sakafu kwa bati. Konadu alileta kipimo cha moshi cha chuo, akakiingiza kwenye bomba, wakasubiri wote wameinama. Namba ziliposhuka, Donkor alipiga fimbo chini akasema, "Sasa hilo ndilo gari langu."

Taa ya injini ikazimika. Lakini taa haikutosha kuwarudisha wazazi waliokuwa wamewaondoa watoto wao. Wiki ya kwanza Birago alikuwa na watoto watano tu. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akaeleza bila kujificha, akamwambia kila mzazi akae siti ya nyuma azunguke naye. Wengi walikubali. Mama yake Nhyira alikuwa wa mwisho. Alizunguka mara mbili, madirisha yamefungwa. Aliposhuka akasema, "Kesho saa kumi na mbili na nusu. Usichelewe, ana mtihani."

Nhyira alipona kabisa, na sasa yuko darasa la nne. Antwi hapendi tena kuitwa Daktari. Akiletewa gari linalochoka, anaanza na plagi, na kijana akimwambia akate masega, wanagombana mpaka mtaa mzima unasikia. Baadhi ya wateja wamemhama. Wengine wamekuja, hasa wenye magari ya shule, kwani Konadu huja kila Jumamosi na kipimo chake na wanafunzi wawili au watatu.

Mwezi uliopita chama cha madereva wa magari ya shule kilimwomba Birago aseme machache kwenye mkutano. Wanaume arobaini na yeye mmoja. Hakuwa na hotuba. Aliwaambia habari ya siti ya nyuma, kisha akawauliza, "Nani kati yenu amewahi kukaa kwenye siti yake ya nyuma?"

Mzee mmoja akasimama, akaenda nje kwenye gari lake, akafungua mlango, akaingia mpaka mwisho. Akamwita mwenzake.

"Njoo uendeshe wewe," akasema. "Nizungushe kidogo."